Shajara ya tanuri la tao, Jinja: Januari hadi Agosti 2025

Januari

Karakana imepatikana Walukuba, upande wa kushukia Masese. Ni banda la mabati lenye sakafu ya zege na umeme wa fezi tatu, na mwenye nyumba ametupa sharti moja tu: paa lisiungue. Kikundi chetu ni mchanganyiko wa kawaida wa mtaa huu, Msamia, Mnubi, Msoga, Mluo, na lugha ya kazi ni Kiswahili. Ndiyo maana shajara nayo naiandika hivyo.

Tunajenga tanuri dogo la umeme la kuharibu taka hatari. Kwanza tutayeyusha jivu linalobaki kwenye vichomeo vya hospitali, pamoja na sindano zilizomo, mpaka liwe kioo. Baadaye, kibali kikipatikana, tutajaribu dawa zilizoisha muda na mafuta ya transfoma za zamani yenye PCB, kemikali ya sumu yenye klorini. Mashine ya kumaliza takataka za mji hatujengi, ingawa kila mgeni anayeingia hapa anadhani ndiyo hiyo.

Kwa anayeanza kutusoma: tao la umeme ni kile anachokitazama fundi wa kuweldi nyuma ya kioo cheusi. Umeme unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine kupitia gesi, na gesi yenyewe inavunjika kuwa elektroni na ioni. Hali hiyo ndiyo Irving Langmuir aliyoiita plasma mwaka 1928. Katikati ya tao joto hupita nyuzi 5,000, na kwenye tochi ambazo gesi imebanwa linaweza kukaribia 20,000. Hakuna molekuli inayostahimili hapo. PCB, dawa za wadudu, hata dayoksini, ile sumu inayozaliwa taka zenye klorini zikichomwa vibaya, zote vifungo vyake hukatika zikabaki atomi na vipande vidogo. Kuzivunja si shida. Shida ni kwamba atomi hizo zikitoka kwenye tao zinaanza kutafuta za kushikana nazo, na sisi ndio tunaopaswa kuamua zitashikana na nini. Nasema hili mapema kwa sababu wafadhili wote tuliozungumza nao wanataka kuona mwanga tu. Mgeni atapiga picha tao, atashukuru, ataondoka. Mnara wa kuoshea gesi hakuna atakayeupiga picha.

Chanzo cha umeme ni mashine mbili za kuweldi za DC, za fimbo, ampea 400 kila moja. Tumechagua za fimbo kwa makusudi. Tao lina tabia ya kinyume: ukiliongezea ampea, volti yake inashuka, kwa hiyo ukilipa chanzo chenye volti thabiti litajilisha mpaka kitu kiungue. Mashine ya fimbo hushikilia ampea karibu palepale huku volti zikipanda na kushuka, na hilo ndilo tao linalotaka. Volti za wazi za mashine moja ni karibu 80, ambazo hutoa tao fupi mno. Tumeziunga mbili kwa mfululizo. Naomba asiige mtu nyumbani: volti 160 za DC kwenye mkono wenye jasho zinaua, na Hajji, ambaye ameweldi tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa, amekataa kuwasha mpaka kila kishikio kivikwe mpira na sakafu itandikwe mbao kavu.

Februari

Mwezi wa matofali. Tanuri ni pipa la chuma nene lenye matabaka matatu ndani. Linalogusa slagi, yaani jivu lililoyeyuka, ni matofali ya alumina ya kununua. Nyuma yake kuna matofali tuliyochoma wenyewe kwa kaolini, udongo mweupe, ya Mutaka, kule magharibi. Nje kabisa, karibu na chuma, tumejaza vermikulaiti ya Namekara, inayochimbwa upande wa Mlima Elgon. Madini haya yakipashwa moto hufumka kama bisi na kuwa mepesi, nayo huzuia joto vizuri kwa bei ambayo haitufilisi. Kasoro yake ni kwamba juu ya nyuzi 1,100 hivi yanaanza kusinyaa, kwa hiyo yakae mbali na slagi.

Tumebishana sana kuhusu elektrodi. Kijana wetu wa umeme alitaka tochi halisi ya plasma, ile ya shaba inayopozwa kwa maji, na akaleta mfano wa mashine za kukata bati ambazo Jinja zipo tele. Ni kweli zinafanya kazi kwa hewa ya kompresa tu. Ncha yake ina kipande kidogo cha hafniamu kinachovumilia oksijeni. Lakini tochi ya kupozwa kwa maji ikitoboka juu ya slagi yenye nyuzi 1,500, maji hugeuka mvuke kwa kishindo, na slagi inaruka. Viwanda vikubwa vina vihisi na valvu za kukata maji kwa haraka. Sisi tuna Hajji. Tumekwenda na grafiti, ambayo haihitaji maji. Kwa shinikizo la kawaida grafiti haiyeyuki; hugeuka mvuke moja kwa moja karibu na nyuzi 3,600. Inaliwa polepole, unaisukuma chini, unaunga nyingine.

Fimbo tumezipata kwa wauza vifaa vya kuweldi, zile za kaboni za kuchimbia na kukatia chuma. Nyingi zina ganda la shaba nje ili zipitishe umeme vizuri, na hizo tumezikataa. Hajji aliona ni wazimu, kulipa ileile na kutaka isiyo na shaba.

“Shaba imewakosea nini?”

Dada wa maabara akamjibu kwamba shaba ikikutana na klorini kwenye gesi inayopoa ndiyo inayosaidia dayoksini kujijenga upya, kwa hiyo kuiingiza wenyewe kwa mkono ni kujitafutia kesi. Hajji akauliza kwa nini basi taka za hospitali zenye nyaya za shaba zinachomwa kila siku kwenye vichomeo vya matofali. Hilo nalo ni swali, Hajji.

Machi

Tao la kwanza limewaka. Jivu baridi halipitishi umeme, kwa hiyo haliwezi kuwa upande wa pili wa tao. Tumetandika vyuma chakavu chini ya tanuri, tukaviunga na upande chanya, tao likawashwa juu ya chuma, chuma kikayeyuka, ndipo jivu likamwagwa juu kidogokidogo. Slagi ikishakuwa ya moto inapitisha umeme yenyewe. Sindano zikiingia zinazama na kujiunga na chuma cha chini, kwa hiyo mwisho wa kazi tunapata vitu viwili: donge la chuma na slagi juu yake.

Jivu la mwanzo liligoma. Lilikuwa na kalisi nyingi, likabaki uji mzito usiotiririka hata tulipoongeza ampea. Dawa yake imekuwa rahisi kuliko tulivyoogopa: chupa za bia zilizosagwa. Kioo cha chupa ni silika kama asilimia 70, na soda iliyomo hushusha joto la kuyeyuka. Baa za Jinja hazina uhaba wa malighafi hii. Kwa mchanganyiko mzuri slagi inatiririka karibu na nyuzi 1,400, inamwagwa kwenye beseni la maji, inapasuka kuwa punje nyeusi zinazong'aa.

Kupima joto hilo ni kazi nyingine. Waya za kupimia za aina ya K, ambazo ndizo rahisi kupata, mwisho wake ni kabla ya nyuzi 1,300. Tumeziacha ukutani na kwenye mabomba. Kwa slagi tunatumia kipimajoto cha macho, tukijua kwamba moshi ukipita mbele yake kinadanganya.

Hesabu ya umeme ilitunyima usingizi. Kwa fizikia tu, kupasha kilo moja ya jivu hadi nyuzi 1,400 na kuiyeyusha kunahitaji kama nusu ya kilowati-saa. Tanuri letu linakula mara kadhaa ya hiyo. Tanuri dogo lina ukuta mwingi kuliko tumbo, joto linaishia matofalini. Likiachwa liwake mfululizo ulaji unashuka, kwa kuwa ukuta ukishashiba haudai tena. Funzo la kiutendaji: ni bora kukusanya jivu la muda mrefu na kuliyeyusha kwa mkupuo mmoja kuliko kuwasha na kuzima kila jivu likiletwa.

Aprili

Mkataba wa kampuni iitwayo Umeme uliisha tarehe 31 Machi na kuanzia tarehe 1 mwezi huu usambazaji wa umeme uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Maombi yetu ya mita kubwa zaidi tumeyaandika upya.

Lakini habari ya mwezi ni jirani. Mama mwenye kinu cha posho aliingia karakana na unga nyusi nzima.

“Nyinyi watoto, taa zangu zinacheza. Mota inanguruma vibaya. Mnafanya nini humu?”

“Tusamehe mama,” Hajji akasema. “Ni tao.”

“Tao la arusi au?”

Alikuwa na haki. Tao la DC kwenye jivu halitulii. Linaruka, linazimika, linawaka tena, na kila mruko unavuta umeme kwa mshtuko. Volti za laini nzima zinayumba. Viwanda vya chuma vyenye matanuri ya tao hufunga koili kubwa na vifaa vya kusawazisha kwa sababu hiyohiyo. Sisi tumefunga koili iliyosokotwa upya kutoka mota iliyoungua, kwa mfululizo na tao, na imepunguza mishtuko kwa kiasi kinachoonekana kwenye mita. Pili, tumehamisha kazi ya kuyeyusha kuwa ya usiku, kinu kikiwa kimelala. Kwa wateja wa viwandani bei ya usiku wa manane ni nafuu kuliko ya jioni, hivyo hata siku tutakapokua ratiba hii itatufaa. Mama wa kinu amekubali, kwa masharti ya kwamba Jumamosi tusimguse.

Watu husema Uganda sasa ina umeme wa kumwaga: bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, Isimba na Bujagali zipo, na kutoka hapa Bwawa la Owen Falls la mwaka 1954 ni safari fupi ya bodaboda. Kuzalisha ni jambo moja, umeme kufika mtaani bila kukatika ni jingine. Umeme ukikatika tao linakufa papo hapo, na hilo halina madhara. Hatari ni kwamba tanuri linabaki na moto na gesi, huku feni ya kuvuta na pampu ya maji zimesimama. Gesi yenye kaboni monoksidi inarudi ndani ya banda. Kwa hiyo betri na jenereta yetu ndogo hazina kazi na tao kabisa. Zinalisha feni, pampu, vihisi na taa ya mlangoni. Vihisi vya kaboni monoksidi viko viwili, kimoja kwenye urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama, kingine pale anapokaa anayeandika kumbukumbu. King'ora kikilia wote nje, na hakuna kurudia kofia.

Mei

Mwezi mzima ni gesi. Nitaandika kirefu maana mradi wenyewe uko hapa.

Jaribio lilihitaji klorini, lakini si taka halisi. Tumetumia mirija ya PVC mipya, isiyokwenda kwa mgonjwa yeyote. Kwa uzito, zaidi ya nusu ya PVC ni klorini, takriban asilimia 57. Kwa hiyo kilo moja ya PVC halisi ikivunjwa yote inatoa karibu gramu 580 za kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na maji ni tindikali kali inayochoma mapafu. Kuituliza kunahitaji karibu gramu 640 za sodi kostiki. Mirija laini ina vilainisho ndani, hivyo klorini yake ni pungufu, lakini sisi tunapima kostiki kwa hesabu ya juu. Kostiki ni ghali. Kwa mzigo mkubwa tutajaribu chokaa ya Tororo, ingawa chokaa huziba nozeli.

Ndani ya tanuri hatutaki hewa. Mara ya kwanza mfuniko ulipokuwa unavuja, ulitoka moshi wa kahawia wenye harufu kali. Hewa ikipita kwenye tao, naitrojeni na oksijeni zake zinaungana. Wanorwei wawili, Birkeland na Eyde, walifanya jambo hilohilo kwa makusudi kuanzia 1903 wakatengeneza mbolea kwa tao la umeme. Kwetu ni sumu isiyo na mnunuzi. Tumefunga shingo ya fimbo kwa kamba ya nyuzi za kauri na kupuliza naitrojeni kidogo kutoka kwenye mtungi, moshi wa kahawia ukaisha.

Bila oksijeni, basi, kaboni ya taka inatoka kama kaboni monoksidi, pamoja na hidrojeni. Zote mbili zinawaka, na hidrojeni huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu hewani. Zinaingia chumba cha pili, ambako hewa inaongezwa kwa kipimo na gesi inachomwa mpaka iishe. Kipimo tunachofuata ni cha sheria za Ulaya: nyuzi 850 kwa sekunde 2, na taka hatari ikiwa na klorini ya kikaboni zaidi ya asilimia 1, nyuzi 1,100 kwa sekunde hizohizo 2. Chumba chetu cha pili ndicho kitu kikubwa kuliko vyote karakana, kikubwa kuliko tanuri. Mgeni mmoja aliuliza kama ndilo tangi la maji.

Kisha kupoza. Gesi inapopita kati ya nyuzi 450 na 200, dayoksini na ndugu zake furani hujijenga upya juu ya chembe za jivu, kaboni na klorini zikiwepo na shaba ikisaidia. Unaweza kuwa umevunja kila molekuli kwenye tao la nyuzi 5,000, ukazaa zilezile upya bombani kwa kupoza taratibu. Kinga ni kuvuka eneo hilo kwa kufumba na kufumbua: maji yanapulizwa kama ukungu ndani ya gesi na kuishusha chini ya nyuzi 80 papo hapo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoniuliza kwa nini tusiweke boila tukazalisha umeme kutokana na joto hilo. Boila hupoza polepole, na hupoza polepole mahali palepale pabaya. Kuna viwanda vikubwa vinavyofanya hivyo na kisha kusafisha kwa kaboni amilifu na mifuko ya kuchuja, wakiwa na maabara na wahandisi wa zamu. Kwa kikundi cha ukubwa wetu, kuokoa joto na kuua dayoksini ni mabwana wawili. Tumechagua mmoja.

Baada ya ukungu wa maji gesi inapanda mnara wa kuoshea, pipa la plastiki lililojazwa vipande vya mabomba, maji ya kostiki yakimiminika kutoka juu. Bomba la chuma cha pua tulilokuwa nalo mwanzo lilitoboka vishimo ndani ya muda mfupi, maana kloridi hula chuma cha pua cha kawaida. Plastiki haijali tindikali, inajali joto tu. Kwa hiyo kuna kihisi kati ya ukungu na plastiki: gesi ikizidi nyuzi 90, swichi inakata tao bila kumuuliza mtu. Imekata usiku ambapo nozeli ya maji iliziba uchafu, plastiki ikapona. Sasa kuna chujio kabla ya nozeli.

Maji machafu ya mnara ni chumvi, kostiki iliyobaki na vumbi lenye metali. Hayamwagwi Masese. Ziwa liko pale chini linaonekana. Yanakaushwa juani kwenye sinia za zege zenye paa la plastiki, na masalia yanarudi kwenye tanuri, isipokuwa chumvi ikizidi, hapo tunayahifadhi kwenye mapipa.

Juni

Ujumbe kutoka Kampala, watu wa heshima. Swali lao la kwanza: mnaweza kuimaliza Kiteezi?

Naelewa swali linapotoka. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka juu ya nyumba na zaidi ya watu 30 wakafa. Baada ya hapo kila teknolojia yenye jina zuri imekuja kubisha hodi mjini, na plasma ina jina zuri kuliko zote.

Jibu letu ni hapana, na sababu kubwa ni matoke. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda, majani ya migomba na mabaki ya chakula, yaani maji. Kilo moja ya maji, kuipasha kutoka joto la kawaida na kuigeuza mvuke wote, inakula zaidi ya kilowati-saa 0.7, na hapo bado mvuke huo haujapashwa kufika nyuzi 1,000. Unatumia umeme wa mto Nile kukausha maganda ambayo ardhi ingeyaozesha bure yakawa mbolea.

Walionitazama kwa mashaka niliwatajia walioanza kwa mabilioni. Utashinai, Hokkaido, Japani, kiwanda cha plasma cha taka za mji kilianza miaka ya mwanzo ya 2000 na kufungwa 2013. Taka za kukilisha hazikutosha na mitambo ilisumbua. Tees Valley, Uingereza, Air Products walijenga viwanda viwili vya megawati 50 kila kimoja, mwaka 2016 wakajiondoa na kufuta hasara ya karibu dola bilioni moja. Hao hawakukosa pesa wala wahandisi.

Plasma imedumu pale ambapo taka ni kidogo, ni mbaya sana, na mwenye nayo yuko tayari kulipa. Morcenx, Ufaransa, Inertam wanayeyusha asbestosi mpaka inakuwa jiwe lisilo na nyuzi. Würenlingen, Uswisi, Zwilag wanayeyusha taka hafifu za mionzi. Australia walitengeneza PLASCON, tochi ya gesi ya agoni ya kilowati 150 inayovunja haloni, gesi za kuzimia moto, na mafuta ya PCB kwa kipande kidogo cha sekunde na kuyapoza kwa maji ya kostiki mara moja. Manowari kubwa ya kubeba ndege ya Marekani, USS Gerald R. Ford, ina tanuri la tao la kuchomea taka zake kwa kuwa melini nafasi ni ghali kuliko umeme. Sisi tunafuata njia hiyo ya pili: jivu, dawa, mafuta ya transfoma, na labda siku moja mabati ya asbestosi ya majengo ya zamani ya Jinja.

Ujumbe ulikunywa chai ukaondoka. Mmoja alibaki nyuma akaomba aone mnara wa maji. Nimemwandika jina kwenye daftari la marafiki.

Julai

Kuchambua taka. Kuna imani kwamba plasma inaharibu kila kitu. Inaharibu molekuli, elementi haiguswi. Zebaki ikiingia zebaki inatoka, tena kwa haraka, maana inachemka kwenye nyuzi 357 na kupita na gesi moja kwa moja. Risasi na kadimiamu kiasi kinabaki ndani ya slagi na kiasi kinaruka na vumbi. Kwa hiyo vipimajoto vya kioo, vipima shinikizo vya zamani na betri haviingii. Tumekwenda kwenye zahanati mbili zilizokubali kushirikiana, tukakaa na wauguzi wakuu, na ikawa ndoo tatu zenye rangi tofauti na picha ukutani. Sista mmoja alitufundisha kuliko tulivyomfundisha: alitaka ndoo ya zebaki iwe na mfuniko wa kufunga kwa funguo, kwa sababu wapo watu wanaokuja kuitafuta kwa ajili ya dhahabu.

Mafuta ya transfoma yanahitaji hadhari ya aina nyingine. Uganda iko ndani ya Mkataba wa Stockholm tangu 2004. Mkataba unataka vifaa vyenye PCB viondolewe matumizini kufikia 2025, yaani mwaka huu, na taka zake zishughulikiwe kwa njia salama kufikia 2028. Kikomo kinachotumika kutenganisha mafuta machafu ni miligramu 50 kwa kilo. Huku mitaani mafuta ya transfoma yana soko: yanaibwa, yanawekwa kwenye mashine za kuweldi za kienyeji, na Afrika Mashariki yamekutwa hata kwenye vikaango vya chipsi. Hajji mwenyewe ana mashine ya zamani iliyojaa mafuta ambayo hajui yalitoka wapi. Kijana mmoja alishauri tuyadondoshe kwenye maji: PCB tupu ni nzito, inazama. Kweli, lakini mafuta ya madini yenye PCB kidogo juu ya kikomo yanaelea kama kawaida, kwa hiyo kuelea hakumsafishi mtu. Tulitumia kifaa kidogo cha kupima klorini kwa kubadilika rangi. Mafuta ya Hajji yalitoka chini ya kikomo. Hata hivyo mashine imetengwa na kubandikwa karatasi, na yeye hajafurahi.

Mafuta halisi ya PCB hayajaingia na hayataingia bila kibali. Sheria ya Mazingira ya 2019 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020 zinadai leseni kwa anayebeba, anayehifadhi na anayeharibu taka hatari, na mradi kama huu unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Mshauri wa tathmini amepatikana. Kikao cha majirani kimefanyika chini ya mwembe wa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Mama wa kinu alizungumza kuliko sisi, na alizungumza upande wetu.

Agosti

Slagi imepimwa uvujaji. Punje zinatikiswa kwenye maji yenye asidi hafifu kwa saa 18, kisha maji yanapimwa metali. Kwa risasi tulilinganisha na kikomo cha Marekani cha miligramu 5 kwa lita, na slagi iliyochanganywa kioo cha kutosha imepita kwa mbali. Ile ya Machi, ya uji mzito, haikupita. Imerudishwa tanurini.

Kipimo kigumu bado kiko mbele. Kwa PCB, Marekani hudai uharibifu wa asilimia 99.9999. Ukiingiza kilo moja, kinachoruhusiwa kutoka na gesi ya chimni ni miligramu moja. Kwa dayoksini kikomo cha Ulaya ni nanogramu 0.1 kwa mita ya ujazo ya gesi. Hakuna jicho, pua wala mita ya karakana inayofika huko. Ni sampuli ya saa kadhaa inayovutwa chimni kwa bomba maalumu, kisha mashine ya maabara iliyo ghali kuliko mtaa wetu. Tumeomba bei kwa maabara tatu za nje. Mbili zimejibu, na bei ya seti moja ya sampuli inazidi gharama ya matofali yote ya tanuri. Tumekata shauri kusimamisha ununuzi wa mashine ya tatu ya kuweldi ili pesa hiyo iende kwenye sampuli. Kijana wa umeme amepinga, kwa maandishi, na barua yake iko kwenye faili.

Jaribio hilo litafanywa kwa klorobenzini, kimiminika kigumu kuvunja ambacho hutumika badala ya PCB kwenye majaribio ya aina hii, kwa idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, itakapotoka. Kabla ya hapo: matofali ya shingo yabadilishwe, nozeli ya pili ya akiba ifungwe, jivu la zahanati lililorundikana liyeyushwe lote kwa mkupuo, na chimni iongezwe tundu la sampuli kwenye sehemu iliyonyooka, mbali na kona. Hajji anaweldi tundu hilo wiki hii.